Boti ya Nkambo Iamke Tena

Mzazi na mtoto wanapotengeneza pamoja chombo cha zamani cha familia



Mtu akitembea kando ya ziwa Mweru, kule Kilwa ao Pweto, ao kwenye mto Luapula kule Kasenga, ao karibu ya Likasi kando ya ziwa Tshangalele, hatakosa kuona boti ya mbao iliyogeuzwa nyuma ya nyumba ya mtu. Imelala juu ya magogo, rangi inabanduka, kuku wanatagia chini yake. Moteri yake iko ndani ya nyumba, imefungwa ndani ya gunia, imeegemea ukuta katika chumba cha wavulana. Ukiuliza, wanakujibu: "Ile ni boti ya nkambo. Zamani ilikuwa inatembea sana. Sasa imekufa."

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya boti ile. Imekufa kweli? Na kama inaweza kuamka, nani ataiamsha? Sisi tunajibu: baba ao mama pamoja na mtoto wake, wakati wa vakansi kubwa. Kazi hii inaomba uvumilivu, akili na pesa kidogo kidogo. Mwisho wake inaweza kuacha nyumbani vitu viwili: chombo kinachotembea, na mtoto anayejua kazi ya mikono yake.

BOTI ZINATUHUSU, SISI WATU WA MINES

Wengine watasema: "Sisi ni watu wa mines, boti ni mambo ya wavuvi." Hapana, ndugu. Wakati Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, ilipokuwa inakua, wafanyakazi wa Union Minière walihitaji chakula. Katika miaka ya 1930 mpaka 1950, wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walinunua samaki wa Luapula na Mweru, wakawabeba kwa boti za moteri, wakawaweka ndani ya barafu, kisha kamyo zikawapeleka mjini. Mkono uliochimba shaba ulipata nguvu kwa samaki wa boti hizo.

Kuna na historia ingine ya karibu zaidi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango ulioitwa "départ volontaire". Wengine walijenga, wengine walilipa madeni, wengine walirudi kwao kando ya maji na kununua moteri. Kwa nyumba ya namna hii, ile moteri ndani ya gunia ni miaka 20 ao 30 ya kazi ya mzee. Njo maana inauma kuiona inakula kutu.

Tena, vijana wa Fungurume wajue kwamba boti za moteri zilipita kwao zamani sana. Mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja karibu na mita 12, kusudi zikapigane na meli za Wadachi kwenye ziwa Tanganyika. Zilishuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, maana reli iliishia huko. Kutoka pale zilivutwa na mashini za mvuke, na ngombe, na mikono ya mamia ya watu wa huku, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Kisha treni ndogo ikazipeleka Bukama, zikashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na treni tena mpaka karibu ya Kalemie. Ziliteremshwa majini mwezi wa 12, 1915. Tarehe 26 ya mwezi ule zilikamata meli ya kwanza ya Wadachi, inayoitwa Kingani. Kama chombo cha mbao kiliweza kupanda Mitumba na kuelea kiisha pale, boti ya nkambo isiyoondoka nyuma ya nyumba isituogopeshe.

Kwenye ziwa lile lile kuna somo la pili. Mwaka 1916 Wadachi walizamisha wao wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, kusudi adui asiikamate. Lakini mafundi walipaka mashini yake grisi nyingi mbele ya kuizamisha. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Miaka ndani ya maji, na mashini ikafufuka, kwa sababu mtu alikumbuka kuipaka grisi. Tutarudilia neno hili tukifika kwenye moteri.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba kama zile tunazozijua. Baba ana kazi za hapa na pale. Mama anauza kisense sokoni. Mtoto wao mvulana ana miaka 15, na dada yake ana 11. Rafiki za mvulana wameacha masomo, wanaenda ku karière kuchimba. Jioni wanarudi na vumbi kichwani na franka mfukoni. Siku moja mvulana anamwambia baba yake:

"Papa, tuuze ile moteri kwa vipande. Kuko mutu anatafuta elisi na karbirateri."

Baba anaweza kukasirika: "Weye, moteri ya nkambo yako!" Mazungumzo yanaishia pale, na kesho kutwa mvulana anaenda ku karière kimya kimya. Ao baba anaweza kuuliza pole pole: "Tukiuza, tutakula siku ngapi?" Wanahesabu pamoja. Wiki mbili, labda tatu. "Na tukiitengeneza?" Mvulana hajui. Baba pia hajui. "Basi, tuiangalie kwanza. Tukiona haiwezekani, tutauza, na weye njo utapanga bei."

Wazazi, muone maneno hayo ya mwisho. Baba hakumdanganya mtoto kwamba boti itapona. Amempa sauti katika shauri. Kijana wa miaka 15 anayeombwa mawazo yake anasimama namna ingine. Karière inamvuta kwa sababu kule anahesabiwa kama mtu mzima. Nyumbani je, anahesabiwa namna gani?

KAYE NA BIKI NDIVYO VYOMBO VYA KWANZA

Mbele ya kugusa nyundo, mununue kaye moja. Mtoto ndiye karani. Ukurasa wa kwanza: nini kimeharibika. Wa pili: nini tunacho. Wa tatu: nini tutanunua na bei yake. Wa ine: pesa iliyoingia na iliyotoka. Mama aone kaye ile kila siku ya posho, kwa sababu pesa ya misumari inatoka kwenye meza yake.

Mupange pia siku na saa. Mwezi wa 7 na wa 8 ni vizuri: mvua hakuna, masomo yamefungwa. Saa mbili ao tatu asubuhi zinatosha. Kazi ikigeuka kuwa azabu, mtoto atakimbia.

Kwa wababa, neno moja gumu: mtoto akifungua visi vibaya, usimunyanganye kle. Weka mikono nyuma ya mgongo. Mwache ajaribu mara ya pili na ya tatu. Mkono wako ukirukia kila kazi, mwisho utakuwa na boti, lakini hautakuwa na fundi wa kuirithi. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja.

KUPIMA MBAO

Muigeuze boti, muioshe kwa maji na brosi, muiache ikauke. Kisha mchukue turnevisi ya zamani. Mtoto aende polepole, ubao kwa ubao, akigonga na kuchoma kidogo. Ubao mzima unalia wazi na kukataa turnevisi. Ubao uliooza unalia kama embe laini, na turnevisi inaingia. Kila mahali pabaya, aweke alama kwa shoki na aandike kwenye kaye.

Uozo una makao yake. Maji ya mvua yanayolala ndani ya boti yanaharibu mbao kupita maji ya ziwa yanayoigusa kutoka inje. Kwa hiyo muangalie hasa:

– chini, mahali taruma zinapokutana na mbao za sakafu;
– kando ya misumari ya chuma, maana kutu inakula ubao unaoizunguka;
– ubao wa nyuma unaobeba moteri, kwa sababu nguvu yote ya safari inasukuma pale;
– mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika boti yote kama uti wa mgongo.

Sasa shauri. Mbao mbili ao tatu mbovu, taruma moja ao mbili: boti inapona. Ubao wa nyuma mbovu: unabadilishwa wote, hakuna kuubandika kiraka. Mkuku umeoza kutoka mbele mpaka nyuma: mwite fundi wa boti, na kama yeye pia anatikisa kichwa, mukubali. Moteri inaweza kupanda chombo kingine. Kumwambia mtoto "hapana" iliyo ya kweli, mkiwa mmeiona wote wawili, ni sehemu ya malezi.

HATARI YA RANGI YA ZAMANI

Hapa tunaomba wazazi wasome mara mbili. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yale watu wa mines wanaita plomb. Vumbi lake likiingia kinywani ao puani linaharibu akili ya mtoto, na Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama. Sisi tunaokaa karibu na viwanda tunajua tayari vumbi ni nini. Tusiliongeze nyumbani.

Basi, rangi ya zamani isisuguliwe kavu. Muiloweshe maji, mzazi aikwangue ikiwa na maji, vipande vikusanywe ndani ya gunia na visichomwe moto. Watoto wadogo na mama mwenye mimba wakae mbali. Nguo za kazi zioshwe peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kugusa chakula. Kazi hii ni ya mtu mzima. Mtoto apewe nyingine siku hiyo.

UBAO MPYA NA PAMBA

Kwa kubadilisha ubao, tafuteni mti mgumu unaovumilia maji: mvule, ao mulombwa. Ubao mbichi usipigwe, utapasuka ukikauka. Ubao wa zamani utolewe polepole bila kuuvunja, kusudi utumike kama kipimo cha kuchorea mpya. Mtoto achore, mzazi akate. Ubao wa pili mubadilishane.

Mbele ya kupiga musumari, toboeni tundu dogo, la sivyo ubao utapasuka. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Usipige musumari mpya katika tundu la zamani lililolegea: liziba kwa kijiti cha mti mgumu, kisha toboa pembeni.

Kiisha mbao, nafasi kati yao. Mafundi wa boti za Tanganyika wanatumia pamba iliyochovywa katika mafuta ya mawese. Pamba inasokotwa kama kamba nyembamba, inasukumwa ndani ya nafasi kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mikono midogo inafaa sana hapa, na binti wa miaka 11 anaweza kuwashinda wote. Tunasema wazi: kazi hii si ya wavulana peke yao. Wasichana wanaojua kuziba boti na kusafisha moteri watajua pia kufungua biashara yao.

Lakini asipige kwa nguvu nyingi. Mbao zilizokauka zimesinyaa. Zikinywa maji zitavimba. Kama pamba imejaa kupita kiasi, mbao zikivimba zitasukumana mpaka misumari itoke.

MOTERI YA NDANI YA GUNIA

Jambo la kwanza ambalo kila kijana anataka ni kuvuta kamba. Mumkataze. Moteri iliyolala miaka ikivutwa kavu inajikwaruza ndani. Fungueni buji, mutie ndani ya kila tundu mafuta ya moteri kijiko kimoja, muzungushe kwa mkono kidogo kidogo, muache mpaka kesho. Ikikataa kuzunguka, ongezeni mafuta na mungoje tena. Nyundo haina kazi hapa. Kumbukeni grisi ya Götzen: moteri ambayo nkambo aliipaka mafuta mbele ya kuifunga, hii itawashukuru haraka.

Kisha mufuate hatua hizi, na mtoto aandike kila moja.

Moja: esanse ya zamani itolewe yote. Inanuka kama verni na inaziba njia ndogo za karbirateri. Karbirateri ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, kusudi visi isipotee, na kila kipande kilazwe kwa mpangilio kilivyotoka. Vitundu visafishwe kwa esanse safi na kupuliza hewa kwa pompi ya baiskeli. Waya usiingie, unapanua tundu.

Mbili: buji. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, isafishwe. Ikiwa imekulika, inunuliwe mpya. Kwa kuona kama moto upo, buji ishikizwe kwenye chuma cha moteri na kamba ivutwe. Hii ifanywe mbali na esanse yote.

Tatu: mafuta ya gia kule chini karibu na elisi. Fungueni visi ya chini. Mafuta yakitoka kama maziwa, maji yameingia, na mpira wa kuziba lazima ubadilishwe mbele ya safari yoyote.

Ine: pompi ya maji. Ndani yake kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Ndicho kinachopandisha maji ya kupoza moteri. Kikikauka ao kuvunjika bawa, moteri itaungua. Kwa kawaida ni kipande kidogo, lakini kinaokoa kipande kikubwa.

Wasomaji wenye moteri Evinrude ao Johnson wajue kwamba mwaka 2020 kampuni iliacha kutengeneza moteri za Evinrude, na zile za Johnson zilikuwa zimeachwa mbele. Vipande vyake muvitafute kwa wale wanaofungua moteri zilizokufa. Mbele ya kununua, mubebe kipande cha zamani mkononi.

HESABU YA ESANSE

Moteri nyingi za zamani za "temps mbili" zinakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta. Kipimo cha wengi ni sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esanse, lakini moteri zingine zinaomba zaidi. Kile kilichoandikwa juu ya moteri yenu ndicho sheria. Mpeni mtoto hesabu: bido ya litre 10 inaomba mafuta kiasi gani? 10.000 kugawanya kwa 50 ni 200. Mililita 200. Na bido ya litre 25? Nusu litre. Mtoto anayechukia hesabu ku masomo ataipenda pale, kwa sababu akikosea ataona moshi.

Moshi wa esanse hauonekani, lakini ni mzito kupita hewa: unashuka na kulala chini ya boti. Kwa hiyo rezervuari itolewe inje na ijazwe juu ya udongo. Sigara, mshumaa, makala, vyote vikae mbali.

Jaribio la kwanza lifanyike ndani ya pipa la maji, siyo hewani. Pompi ya mpira bila maji inaungua kwa muda mfupi sana. Moteri ikishika, muangalie uzi mdogo wa maji unaotoka pembeni. Ukitoka vizuri, pompi inafanya kazi. Usipotoka, muzime mara moja. Elisi ikizunguka, hakuna mkono wala kanda la nguo karibu.

SIKU TATU NDANI YA MAJI

Boti iliyotengenezwa haiendi safari siku ile ile. Ifungwe kamba na kulazwa pembeni, mahali maji yanafika kwenye goti. Itaingiza maji. Mtoto atalia: "Papa, kazi yetu yote ni bure!" Hapana. Mbao zinakunywa. Kiisha siku mbili ao tatu zitavimba na kujifunga, na maji yatapunguka. Mahali panapoendelea kuvuja, muweke alama, muitoe boti, muongeze pamba.

Wakati wa kungoja, fanyeni hesabu ya mzigo. Kwa mfano, boti ya mita 7 ambayo sehemu yake inayogusa maji ina ukubwa wa mita karé 7. Ikizama sentimeta 10 zaidi, inasukuma maji 0,7 ya mita kyubi, ni kusema kilo 700. Maana yake, watu 10 wa kilo 70 wanaishusha sentimeta 10. Magunia yakiongezeka, sentimeta 10 zingine. Mpaka ziwa linaingia ndani.

Mwiteni mzee mvuvi anayejua upepo wa mahali penu, mumuulize: "Siku ya mawimbi, maji yasipite wapi?" Pale anapoweka kidole, mtoto apake mstari mweupe pande zote mbili za boti. Mstari ule ni sheria ya nyumba. Maji yakifika pale, mtu mmoja anashuka, hata kama ni shemeji, hata kama amekwisha kulipa.

Tunasema hivi kwa uchungu. Tarehe 3 ya mwezi wa 10, 2024, kwenye ziwa Kivu, chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa watu kilipinduka karibu tu na bandari ya Goma, watu wakikiangalia kutoka ngambo. Makumi ya watu walikufa. Hawakuwa mbali na inchi kavu.

Kwa hiyo, jile ya kuokoa watu iwe ya kila mmoja anayepanda, na ivaliwe. Jile inayokaliwa kama mto haimuokoi mtu. Kama pesa ya kaye inatosha jile tatu, boti inabeba watu watatu. Watoto wajifunze kuogelea mbele ya boti kwenda majini. Ndani ya boti kuwe na ndoo ya kutolea maji, kasia mbili, kamba ndefu, buji moja ya akiba. Moteri ifungwe pia kwa kamba kwenye ubao wa nyuma. Na katika majira ya ukavu, upepo wa kusini ukiamka, mutoke mapema na kurudi mapema.

KIISHA KAZI, BOTI NI YA NANI?

Swali hili linavunja familia nyingi. Mvulana amefanya kazi vakansi nzima, siku boti inaanza kuingiza pesa, baba mkubwa anatokea: "Boti ni ya mzee wetu sisi wote." Ni kweli, ni ya mzee wao wote. Ndiyo sababu mbele ya ubao wa kwanza kutolewa, ndugu waitwe, waone boti ilivyo, na maneno yaandikwe kwenye kaye ile ile: nani ametoa nini, nani amefanya kazi siku ngapi, na faida itagawanywa namna gani. Wote watie sinyatiri. Karatasi moja leo inazuia kesi kesho.

Na mtoto apate sehemu yake, hata kama ni ndogo. Sehemu ile iende kwanza kwenye minervali ya masomo, na kidogo kibaki mkononi mwake. Mtu akimwambia aache masomo aende ku karière, atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Hatuahidi utajiri. Esanse ni ya bei, samaki wamepunguka, na boti ya zamani inaomba pamba na rangi kila mwaka. Lakini mtoto aliyefungua karbirateri na kuirudisha haogopi tena mashini. Kesho inaweza kuwa kinu cha mihogo, groupe ya umeme, pikipiki ya jirani. Watu watamuita, naye atajua bei ya kazi yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kuna kitu gani cha nkambo ndani ya nyumba yetu kinacholala bure: boti, mashini ya kushona, baiskeli, redio? Nani anajua historia yake?

2. Wababa na wamama: mara ya mwisho ulimwachia mtoto wako kazi ngumu mpaka mwisho bila kumunyanganya kle ilikuwa lini?

3. Vijana: kazi gani ungependa kujifunza kwa mzazi wako ao mzee wa jirani? Umekwisha kumuomba?

4. Kama tuna boti: mstari mweupe uko wapi, na jile ziko ngapi?